Jiwe Lisilo na Dhambi

Hilo jiwe kwenye pete yako, unajua ni nani aliyelichimba?

Usikunje uso. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwapokea wateja wote waliovuka kizingiti cha duka la shangazi yangu, hata kabla ya kuwaambia karibu. Wengine walificha mkono nyuma ya mgongo kama watoto walioiba sukari. Bwana mmoja aliyekuja kupanuliwa pete ya ndoa alinijibu kwamba aliyelichimba hamjui, ila anamjua sonara wa mtaa wa pili, akageuka akaondoka.

"Mwanangu," shangazi alisema bila kuinua kichwa kutoka mezani pake, "mtu akiingia dukani husalimiwa kwanza. Kesi husomwa baadaye."

Nataka kumwandika shangazi yangu huyu, dada mkubwa wa baba, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vito. Najua nitajikuta nimejiandika mimi zaidi. Ndiyo tabia yangu. Hata kwenye picha za watu huwa nachungulia pembeni. Lakini nitajitahidi.

Mama Vito hakusomea usonara popote. Aliingia karakana ya sonara mmoja mzee akiwa msichana wa kufagia. Kwa sonara, kufagia si kazi ya kudharau, kwa sababu vumbi la sakafuni lina chembe za fedha na dhahabu zinazodondoka kwenye tupa, na vumbi hilo huchekechwa likayeyushwa upya. Mzee alimwamini na vumbi. Hakumwamini na moto. Alisema mwanamke akishika moto wa kulehemu huanza kuwaza chungu. Basi shangazi akafagia huku akitazama. Alifagia polepole kuliko mfagiaji yeyote aliyewahi kuzaliwa, hasa karibu na meza ya mzee, mpaka mzee akachoka kuyabeba macho yale mgongoni. Siku moja akamwekea mbele jiwe dogo la kijani na pete ya fedha isiyo na kitu.

"Lipachike," akamwambia. "Ukilivunja, rudi kwenye ufagio na nisikuone tena ukinitolea macho. Lisipovunjika, ni lako, pete na jiwe."

Halikuvunjika. Ameivaa pete ile tangu siku hiyo, kidole cha kati cha mkono wa kushoto, na kisa hicho amekisimulia mara nyingi kiasi kwamba fundi cherehani wa duka la jirani anaweza kukisimulia huku pini zimemjaa mdomoni. Maana shangazi si mtu wa kujificha. Wapo mafundi wanyenyekevu, wanaoacha kazi yao iwasemee. Shangazi husema yeye kwanza, halafu kazi yake hukazia.

"Mkono huu," hupenda kusema, akiuinua juu pete ikimetameta, "haujawahi kupachika kioo mahali pa jiwe. Akitokea mtu na ushahidi, nafunga duka nauza nyanya."

Na si majigambo matupu. Duka lenyewe ni la kupanga, mashine ya kuvutia waya ni kuukuu kuliko mimi, na dari huvuja kwenye kona ile ile kila mwaka. Neno lake ndilo mali yake. Watu huvuka masonara wengine wawili wakamletea yeye mkufu wa bibi yao, kwa sababu wanajua kitakachotoka ndicho kilichoingia.

Ndipo nikaja mimi, na shahada ya mazingira, begi moja na hasira nyingi.

Chuoni walitupeleka kwenye machimbo. Nilimwona mtu akitolewa shimoni kwa kamba, amejaa vumbi mpaka kope, akakohoa kama mtu anayekokota gunia juu ya kokoto. Nilimwona mama akichota maji kwenye dimbwi lililogeuka rangi ya kutu. Mashimo yaliyokwisha kazi yaliachwa wazi, na mbuzi aliyetumbukia humo hakuna aliyeshuka kumtoa. Sikuyasahau mambo hayo na sitaki kuyasahau. Kasoro yangu ni kwamba sikutaka mtu mwingine yeyote ayasahau, hata pale anapotafuta tu hereni za kwendea harusini.

Kwa kuwa ajira hazikuonekana kunisubiri, nilijifunza kazi kwa shangazi, na nilipojua kushika tupa tu, nikaanza kuirekebisha dunia. Nilimwambia tuache mioyo na maua yale yale ya kila siku. Tutengeneze vitu kutoka kwenye maumbile kama yalivyo. Na mawe tununue kwa watu tunaowajua, ambao tumeona wanavyoyapata, basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano ya wiki nzima. Shangazi akasema, "Sawa." Iliniudhi kidogo, maana nilikuwa na hoja nyingine nzuri zaidi ambazo sikupata nafasi ya kuzitumia.

Nikachora bango kwa mkono wangu, nikalitundika juu ya mlango: HATUUZI JIWE LENYE MACHOZI. Mzee mmoja akaingia kuuliza kama tunatibu macho.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hereni za umbo la jani lililoliwa na viwavi. Niliyapenda sana matundu yake. Mwalimu aliyezinunua alizirudisha kesho yake.

"Zimetoboka," akasema.

"Ni viwavi, mwalimu."

"Basi wafukuze kwanza ndipo unipe."

Ya pili ilikuwa bangili ya jongoo, miguu yote ikiwa imepangwa vizuri kando kando. Niliitengeneza kwa uvumilivu ambao sijawahi kumwonyesha binadamu. Wanawake waliivaa, wakaitazama mkononi, wakaivua wakipiga kelele. Fundi cherehani aliiomba, akaitundika dirishani kwake kufukuza paka.

"Mama Vito," alimwambia shangazi huku mimi nikisikia, "huyu kijana wako ana kipaji. Sasa mtafutie na wateja wenye kipaji."

Shangazi alicheka hadi akavua miwani. Lakini usidhani aliniacha peke yangu na dunia. Mteja alipoondoka na kitu changu hata kimoja, aliniita: "Sonara!" Si mwanangu, si baba. Sonara. Ningeweza kuishi kwa neno hilo wiki nzima.

Halafu nikampata Mama wa Mtoni.

Nilimkuta kwenye ukingo wa mto, nje kidogo ya mji, ameketi mbele ya beseni lililojaa vipande vya kijani, laini, vya mviringo, vimelowa maji na kumeremeta. Nikajitambulisha kama sonara mwadilifu, nikachuchumaa, nikaanza kumhoji. Je, watoto ndio wanaochimba? Hapana. Kuna shimo? Hakuna shimo. Mnatumia baruti? Akacheka. Sumu je?

"Sumu ya nini tena, baba? Mvua kubwa ikinyesha, mto huviacha mchangani. Mimi napita naokota."

Kuna bosi anayekupunja?

"Bosi wangu ni mgongo huu," akasema, akaupiga kwa kiganja.

Nusura nilie. Hapa palikuwa na kitu ambacho vitabu vyote vilisema hakiwezekani, jiwe ambalo halikumwumiza yeyote, lililoletwa na mto wenyewe kama zawadi. Nilinunua mfuko mzima, na njiani kurudi nilikuwa nikitunga maneno ya bango jipya.

Shangazi alichukua kipande kimoja, akakipeleka dirishani, akakigeuza geuza kwenye mwanga. "Rangi nzuri," akasema. "Jiwe safi hili." Kisha, kwa mazoea, akaanza kukipeleka kwenye mdomo wake wa juu. Ndivyo anavyopima: jiwe la kweli hukaa na ubaridi wake mdomoni, kioo hupata joto upesi.

Nikamshika mkono. Ndiyo, nilimshika shangazi yangu mkono.

"Shangazi, yule mama ni mwaminifu. Kupima jiwe lake ni kumtukana."

Alinitazama mimi, akalitazama jiwe, akateremsha mkono. "Haya. Wewe ndiye uliyekwenda, wewe ndiye uliyeona."

Wiki ile ile mkunga wa zahanati akaja na kazi. Ni mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye hata akinong'ona watu husogea wampishe. Alikuwa anastaafu, na wenzake walimwandalia mkutano wa kumuaga.

"Maisha yangu yote mikono hii imepokea watoto wa mji huu," akasema, "na imekuwa mitupu, maana huwezi kumpokea mtoto na pete kidoleni. Sasa siku hiyo nataka kitu shingoni. Kitu cha kweli."

"Shikamoo, mama," nilisema, nikijaribu angalau mara moja kuanza na salamu.

"Marahaba. Wewe nakukumbuka. Ulitanguliza miguu. Kichwa kilikuja mwisho kabisa, tena kwa kubembelezwa."

"Mpaka leo," fundi cherehani akadakia kutoka mlangoni, alikokuja kuazima mkasi.

Pamoja na kejeli hizo, wazo langu alilipenda: ganda la mbegu lililopasuka lenyewe, kama yale yanayoning'inia kwenye uzio wa nyuma ya duka, na ndani yake punje moja tu ya kijani. Alilitazama lile ganda nililomchumia, akalifungua kwa kidole gumba. "Hivi hivi," akasema. "Ndivyo wanavyokuja."

Shangazi hakuweza kunyamaza na jambo kama hilo. Alipokwenda zahanati kupimwa shinikizo la damu, alitangaza mbele ya foleni yote ya akina mama: "Mkunga wenu atavaa jiwe. Jiwe kweli kweli, kwa mkono huu mnaouona." Foleni ikapiga vigelegele. Mimi niliposimuliwa nilijivuna kana kwamba nimeshalipachika.

Ganda lilitoka vizuri. Nilitengeneza kalibu kwa ganda lenyewe la kweli, nikamwaga fedha iliyoyeyuka, na nilipopasua kalibu nikakuta hata vinyweleo vya ganda vimebaki. Shangazi alilipitishia kidole mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Punje nayo niliisaga na kuing'arisha mpaka ikawa kijani kama jani lililonyeshewa. Ilibaki kuipachika tu.

Siku moja kabla ya mkutano, asubuhi, nilikaa kuosha vipande vilivyobaki kwenye mfuko. Kipande kimoja kikubwa kilikuwa na tope gumu upande mmoja. Nikalisugua kwa mswaki. Chini ya tope kulikuwa na maandishi.

Nakuapia, kwa muda nilioutumia kuvuta kiti na kupangusa miwani, niliamini nimegundua ustaarabu wa kale. Niliwaona wataalamu wakishuka kutoka kwenye magari. Kisha nikakigeuza kuelekea mwanga, nikasoma herufi moja moja, zimeinuka juu ya kijani:

UPA HII HAIUZ

Chupa hii haiuzwi. Na mimi nilikuwa nimeinunua, nimeisaga, nimeing'arisha, na kesho ilikuwa inakwenda shingoni kwa mkunga mbele ya mji mzima.

Nilimpelekea shangazi bila neno, jambo ambalo peke yake lilimshtua. Alisoma akiwa amekishika mbali, mkono umenyooka. Kisha akachukua ile punje iliyokamilika, akaiweka kwenye mdomo wake wa juu, akafumba macho. Nilisikia mashine ya fundi cherehani ikikimbia ng'ambo ya ukuta, ikasimama, ikakimbia tena.

"Joto," akasema.

"Shangazi..."

"Nyamaza kidogo." Aliirudisha mezani taratibu, kama mtu anayeweka chini yai. "Na mimi nililitazama dirishani nikasema jiwe safi. Kwa kinywa changu. Macho yangu na shule yako, vyote vimemeza chupa."

Hakuniangalia. Alikuwa anauangalia mkono wake, ule ambao haujawahi. Angenipiga ningeona nafuu.

Nilikimbilia mtoni. Njia nzima niliandaa hotuba kuhusu uaminifu, na nilipofika nikaanza kuitoa kwa pumzi iliyokwisha. Mama wa Mtoni alinisikiliza hadi mwisho, mkono shavuni.

"Umemaliza? Uliniuliza watoto, nikakujibu. Ukauliza shimo, baruti, sumu, bosi, vyote nikakujibu. Kuna nilipokudanganya?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Ungeuliza ni nini, ningekwambia ni chupa. Wanaokuja hapa ni watu wa kupamba sakafu, hawaulizi hata salamu. Wewe ukauliza mambo makubwa makubwa, nikasema msomi huyu, atakuwa anajua chupa akiiona." Kisha akanihurumia. "Nikurudishie? Au nikubadilishie? Zipo na za kahawia."

Nilirudi polepole, na njiani nikapata masuluhisho mawili. La kwanza, kumwambia mkunga hakuna kidani. La pili, kuandika makala kali kuhusu chupa zinazotupwa mtoni. Hilo la pili, nakiri, ndilo nililolifikiria kwa undani zaidi.

Nilimkuta shangazi ametumbukiza mkono wa kushoto kwenye bakuli la maji ya sabuni.

"Njoo uvute," akasema.

Pete ile ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya kidole. Nyama zilikuwa zimeizunguka kama mti unavyozunguka waya wa uzio. Nilivuta, akapiga yowe, nikaacha, akanitukana, nikavuta tena. Ilipotoka, ilitoka ghafla, nikaangukia kwenye ndoo ya takataka. Kidole chake kilibaki na mshipi mwembamba wa ngozi laini, ngozi ya msichana wa kufagia.

Nilielewa alichotaka kufanya. Na mimi, mtu mwenye akili timamu, nikiwa nimekaa juu ya takataka, baada ya yote niliyokwisha kuyasababisha, nilisema: "Lakini shangazi, hilo jiwe halijulikani lilikotoka."

Aligeuka akanitazama. Nilidhani sasa ndio mwisho wangu wa kuishi na ndugu.

"Halijulikani," akasema. "Nilimwuliza mzee aliponipa. Akanijibu, jiwe halina kinywa. Nami nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nalitaka. Wewe usinyamaze. Endelea kuuliza hivyo hivyo mpaka wakuchoke. Ila swali la kwanza liwe: hiki ni nini?" Akasukuma kiti chake nyuma. "Mkunga nilimwahidi jiwe mbele za watu. Sina muda wa kumtafutia jiwe lisilo na dhambi. Ninalo hili. Kaa."

"Nikae wapi?"

"Hapo. Lipachike wewe."

Alikuwa amekwisha kulitoa kwenye pete, akifungua yale meno madogo ya fedha moja moja kwa ncha ya sindano. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolijua, na halikuwa safi. Ndani lilikuwa na nyufa kama mizizi. Jiwe la namna hiyo ukibonyeza pembeni kidogo tu linapasuka, na ukisikia mlio wake umekwisha chelewa.

"Nikilivunja?"

"Ufagio uko nyuma ya mlango."

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Najua kwamba sikusema kitu. Kwa mtu anayenifahamu, hiyo ni habari ya gazetini. Nilikandamiza jino la kwanza la fedha ndani ya ganda, kisha la upande wa pili, nikazunguka, nikarudi. Jasho lilinidondokea puani, nikaliacha. Shangazi alisimama nyuma yangu, nami nikayasikia macho yake mgongoni, na nikamhurumia yule mzee kwa mara ya kwanza. Nilipoinua mikono, jiwe lilikuwa limetulia ndani ya ganda kana kwamba limeota humo.

Shangazi alilichukua, akaliweka mdomoni, akafumba macho. "Baridi," akasema. Hakuniita sonara. Alinisogezea tu kikombe chake cha chai, na mtu yeyote wa ukoo wetu atakuambia kwamba kikombe cha Mama Vito hakiguswi.

Mkunga alifika kabla jua halijatua. Nilidhani shangazi atamkabidhi akae kimya. Jiwe si jiwe? Nani angejua? Badala yake alimkalisha, akampa kidani mkononi, na kabla hajakivaa akamwambia yote: chupa, mto, mdomo, pete. Hakuacha hata lile la kwamba yeye mwenyewe alisema jiwe safi.

"Kwa hiyo hili ni jiwe," akamalizia, "lakini lilitoka wapi, na nani alilitoa ardhini, sijui. Na dukani mwangu bango linasema tunajua. Ukilikataa, haki yako."

Nami nikaona ni wakati mzuri wa kutoa maelezo. "Mama, kitaalamu, suala la asili ya vito..."

"We miguu-kwanza, tulia," mkunga akasema. Alikigeuza kidani kiganjani, kiganja kile kikubwa, na ganda likaonekana dogo kama linavyokuwa kwenye uzio. "Mama Vito, mimi nimepokea watoto wa kila namna. Wa ndoa, wa vichakani, wa wakubwa ambao hawakutaka kutajwa. Sijawahi kumwuliza hata mmoja umetoka wapi. Nilikuwa namfuta uso, namfunika." Akainamisha kichwa. "Nifunge nyuma hapo."

Shangazi akamfunga. Kwenye kile kikulabu, kidole chake cha kati kilikuwa uchi.

Usiku sikulala vizuri. Nisieleweke vibaya: bado naamini kila nilichokiamini. Yule mtu aliyetolewa kwa kamba bado anakohoa kichwani mwangu, na bango bado liko juu ya mlango. Lakini nilikuwa nikijiuliza shangazi atauinuaje tena mkono ule dukani, mtupu, na atasema nini. Nikaamua kwamba asubuhi nitamwomba radhi rasmi, kwa hotuba fupi. Niliitunga. Haikuwa fupi.

Asubuhi nilipofika, mlango ulikuwa wazi na shangazi ameshakaa mezani. Alikuwa anamalizia kupangusa kitu kwa kitambaa. Kabla sijafungua mdomo, fundi cherehani aliingia kurudisha mkasi, akasimama katikati ya duka, akaudaka mkono wa shangazi.

"Ebo! Umebadilisha jiwe!"

Kwenye pete kuukuu ya fedha, kati ya yale meno madogo, ilikuwa imekaa punje yangu. Kijani kama jani lililonyeshewa.

"Si jiwe," shangazi akasema. "Kioo."

Fundi akamtazama, kisha akaanza kucheka. "Kioo! Wewe? Mkono huu?"

"Nakwambia kioo. Chupa ya soda. Imeokotwa mtoni."

"Jamani, njooni msikie!" Alikuwa ameshatoa kichwa mlangoni, akimwita muuza viatu wa upande wa pili wa barabara. "Mama Vito amevaa chupa!" Akarudi akipangusa machozi ya kicheko. "Jirani, kama hutaki kunitengenezea kama hiyo, sema tu. Usinifanye mtoto."

Shangazi alipandwa na hasira ya kweli. Alifungua mtoto wa meza, akatoa kile kipande chenye herufi, akamwekea mbele ya pua. "Soma! Unajua kusoma? Soma hapo!"

Fundi akasoma, midomo ikicheza. Akakipeleka kwenye mwanga, akakirudisha, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Na kuchonga maandishi umejifunza lini? Huyu mwanamke ana mambo." Na kwa kuwa kwa shangazi hakupata kitu, akanigeukia mimi. Aliushika mkono wa Mama Vito juu kabisa, pale pale unapopenda kuinuliwa, akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona, kama mtu anayetaka siri ya biashara:

"Baba, wewe ndiye msema kweli wa hapa. Hebu niambie. Hilo jiwe nani alilichimba?"

Hotuba nilikuwa nayo. Niliiacha.

"Hakuna," nikamwambia. "Hakuna aliyelichimba."

Fundi cherehani aliuachia mkono wa shangazi taratibu, akashika kichwa.

"Basi hilo," akasema, "litakuwa ghali."